Kikombe cha Maji ya Mto

Felista aliyaonja maji ya Ruvuma, akayatema. Yalikuwa ya chumvi.

Mumewe, mwalimu aliyekulia Ukerewe, kwenye ziwa la maji baridi, alikuwa amestaafu wiki ile. Aprili iliyotangulia, mto ukiwa umefurika, alikitoa kiwanja chao cha Likombe, karibu na hospitali, akabadilishana na hiki cha chini ya Kilambo, mto unakoelekea baharini. Alitaka uzee wa kuvua kambale na perege. Sasa ilikuwa Oktoba 1975, mvua hakuna, na bahari ilikuwa imejaa na kupanda mtoni hadi huku.

Felista alimgeukia mwenyeji waliyebadilishana naye. "Ulijua?"

"Kila mtu anajua, mama. Mwalimu aliulizia samaki tu. Masika wapo. Kiangazi hakukiulizia."

"Ndoano unazo arobaini," Felista alimwambia mumewe. "Mdomo wa kuuliza huna."

"Chumvi yenyewe si nyingi," alisema mwalimu kwa sauti ya darasani.

Felista alichota kikombe cha bati, akakijaza mpaka ukingoni.

"Kunywa basi."

Mwalimu alikunywa chote bila kupumzika, mishipa ya shingo ikimsimama. Felista alikipokea kikombe, akainama tena mtoni kukijaza.