Kamera za Kifaru

Hapo kale Kifaru, mkuu wa gereza asiyeona mbali, aliwapiga wageni marufuku. Kila alipokuta udongo mbichi chini ya ukuta, aliongeza mawe. Mwishowe akafunga kamera, akakaa kutazama.

Akamwona mfungwa Muhanga akichimba, akitoka na chakula chake, akimlisha mama yake mkongwe huko nje, kisha akirudi na kulifukia shimo.

“Mbona ulirudi?” Kifaru akamuuliza.

“Kifungo changu hakijaisha, afande.”

“Na shimo unalifukia kwa nini?”

“Fisi tumefungwa naye humu. Mama yuko nje.”

Kifaru akaamuru jamaa za wafungwa wapokewe langoni kila Ijumaa.

Udongo mbichi haukuonekana tena. Kamera zilimwonyesha Muhanga tu, kila Ijumaa, kawahi langoni, kucha kazisugua zikatakata.