Mkwe Haangaliwi

Athuman alipiga kafi huku ameinua shingo kuelekea mawinguni, kama kuku anayemeza maji. Mtumbwi ukagonga kisiki. Akasema astaghafirullah, akausukuma, akaendelea vilevile bila kutazama chini.

Si kwamba alikuwa kipofu. Maji ya chemchemi ya Kwekibuyu ni maangavu mno. Unaweza kuhesabu kokoto za chini na ndevu za kambare. Na maji maangavu ni kioo. Angeinamisha macho tu, angemwona mama mkwe wake, Bi Mashavu, nyuma ya bega lake. Kwao Wazigua mkwe haangaliwi usoni, si nchi kavu, si majini. Ndiyo maana siku hiyo mpiga kafi alikaa mbele na abiria akakaa nyuma, kinyume cha mitumbwi yote ya duniani.

Kisa chenyewe kilikuwa Operesheni Vijiji. Watu wote wa bondeni walikwisha kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, isipokuwa Bi Mashavu, mjane aliyeng'ang'ania migomba yake kule chemchemi. Athuman ndiye balozi wa nyumba kumi. Adhuhuri ya siku hiyo afisa kutoka Korogwe angekuja kuhesabu watu, na asiyeonekana, nyumba yake ya porini ingebomolewa.

"Mlete mama," mkewe, Hajira, alimwambia asubuhi. "Nyumba ya mama ikibomolewa, na hii yangu usiingie. Tena uchunge huo mdomo wako. Wanasema afisa yuko huku tangu jana, anazunguka mashambani kwa miguu."

"Afisa, kwa miguu?" Athuman alicheka. "Viatu vyake si vitalia!"

Alipofika chemchemi aliigeuzia nyumba mgongo, akabisha hodi, akaeleza shida yake kwa adabu zote. Akarudi mtumbwini, akakaa mbele, akangoja. Kisha akamsikia Bi Mashavu akinong'ona: "Kaa vizuri. Usitapetape. Na ukae kimya." Athuman akatabasamu. Mama anamfunga kuku wake. Mtumbwi ukadidimia nusu shubiri nzima. Mama amenenepa, alhamdulillahi. Ndizi za chemchemi si mchezo.

Akasema bismillahi, wakashuka na mkondo katikati ya matete. Kenge akajitosa majini, chubwi! Nyuma, kimya.

Kimya kile kikamchoma Athuman. Mama wa watu analia, aliwaza. Na yeye machozi ya mwanamke hakuyaweza, hata yale asiyoyaona.

"Mama," aliyaambia mawingu, "usisononeke. Ni leo tu. Ukishahesabiwa, alasiri nakurudisha kwenye migomba yako kwa maji haya haya. Huyo afisa atajulia wapi?"

Nyuma kikasikika kikohozi. Kizito, cha kifuani. Moshi wa kuni huo, Athuman aliwaza, akazidi kumhurumia.

"Wala usimwogope. Hawa tumekwishawazoea. Shamba la kijiji ni eka ishirini, sisi tumepalilia mistari minne tu, ile ya kando ya barabara, maana afisa hapiti kwingine. Huko ndani, mama, nyani wamefanya kwao! Aliyekuja mwaka jana alisimama pale barabarani, akapiga makofi, akatuzawadia majembe kumi. Yako ghalani. Hayajaonja udongo."

Kikohozi tena. Safari hii Athuman alikipokea kama kicheko, akachangamka, kafi ikapiga maji kwa madaha.

"Na mimi mkweo, zamu yangu ya shamba la kijiji ikifika, tumbo linanikata. Linakata, linakata! Nikifika kwenye mihogo yangu, limepona."

Kwenye kivuko, Moreto, Mmasai aliyekuwa akinywesha ng'ombe, aliuona mtumbwi akanyooka wima kama askari wa zamu. Utani wake wa kila siku hakuutoa.

"Umeona, mama?" Athuman alisema. "Hata wafugaji wanajua heshima ya ukwe."

Jua lilikuwa halijafika utosini walipoingia kijijini. Kina mama walikuwa wamejaa ukingoni, na Hajira mbele yao, ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Furaha hiyo, aliwaza Athuman. Leo nitalala kwangu kwa amani.

"Nimemleta!" alipaza sauti, macho bado mbinguni. "Mteremsheni taratibu, ni mtu mzima."

Hakuna aliyesogea. Nyuma yake viatu vikakanyaga tope: kwii, kwii. Mkono wenye saa ukamshika bega.

"Bi Mashavu nimemwachia miezi miwili, ndizi zake zikomae," ilisema sauti nzito ya kiume. "Sasa, ndugu balozi, nipeleke shambani. Ila tusipitie barabarani."