Bomba la Mlangoni

Siku hizi hodi haitoshi. Mgeni husimama barazani, mwenye nyumba akampitishia kipima mionzi, na kikilia, gari la kambi ya wenye mionzi linaitwa kumchukua, awe nani awe nani.

Skolastika Kapinga hakuviamini vipimo vipya vya serikali. Alitumia cha marehemu mumewe, chenye bomba kuukuu la kioo, kilichotatarika kama mahindi kikaangoni. Wiki iliyopita kilimlilia dada yake, Meinrada. Skolastika naye alilia, lakini gari aliliita.

Leo aliyesimama barazani alikuwa Osana, mke wa mwanawe, na kichanga mgongoni. Kipimo kikalia.

"Mama, pima tena," Osana alisihi. "Huyu hata arobaini hajatimiza."

Akapima tena. Kikalia vilevile. Skolastika akakiweka kwenye kigoda, miguuni pa Osana, akaingia ndani kutafuta simu. Akazunguka chumba hiki na kile, akasahau alichofuata. Ndipo alipogundua kwamba huko nje kumekuwa kimya.

Alitoka mbio, akidhani bomba limekufa. Osana alikuwa amempakata mtoto, ameinama juu kabisa ya kipimo, nacho hakisemi neno.

Skolastika akapiga hatua kukifuata. Kikaanza kutatarika. Akarudi nyuma, kikanyamaza.

Osana akainuka taratibu na mtoto wake, akashuka barazani.

"Mama," aliuliza, "wewe hupimwa na nani?"

Skolastika alikuwa akiiangalia mikono yake, na kumwaza Meinrada, mzima wa afya, kule kambini.