Viatu vya Kusimamia

"Baba, umeacha ndara yako," mama mmoja mwenye kapu la ulezi alimwita kutoka nyuma.

Efraimu aligeuka. Kweli, ndara ya mguu wa kulia ilikuwa imenaswa kwenye tope, hatua thelathini nyuma yake. Alirudi akaichukua, akamshukuru yule mama, akacheka kicheko cha juu juu. Huo ndio ubaya wa ndara za mpira wa gari, alijiambia. Hazishiki mguu, na vidonda zinakupa bure.

Alikuwa na vidonda vitatu, viwili kidoleni na kimoja kisiginoni, na aliviogopa kuliko simba. Juma zima hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya vidonda hivyo.

Kazi yake ilikuwa kuchambua kahawa kwenye shamba la mzungu huko Mbozi. Walisimama mezani tangu jua kuchomoza mpaka linazama, juu ya saruji iliyolowa, na kukaa kulikuwa marufuku. Mnyapara Watson alipita nyuma yao taratibu, mikono mgongoni, macho chini kwenye miguu ya watu. Anayechechemea alipelekwa kwa daktari.

Zebedayo, aliyekuwa akisimama kushoto kwa Efraimu, alipelekwa mwezi wa kwanza. Daktari alimfunga macho kwa kitambaa, akamchoma sindano mguuni hapa na pale, akamwambia ataje kila anapochomwa. Zebedayo hakutaja hata mara moja. Kesho yake lori lilimpeleka kambi ya wakoma. Mkewe alirudi kwao Ibaba na watoto wawili, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuingia katika nyumba waliyoiacha.

Tangu siku hiyo Watson alikuwa kama mtafunwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Angemweleza nini mtu wa namna hiyo? Kwamba ni ndara tu? Efraimu alimfikiria mkewe Enesi na mtoto wao wa miezi mitatu. Dawa ilikuwa moja, viatu vizuri, na avipate kabla ya Jumatatu.

Fundi Kefa alikuwa mtu wa Tunduma aliyejifunza ushonaji Ndola, na kila Jumamosi alitandaza kazi yake kwenye baraza moja hapo Vwawa. Efraimu alimkuta anagongelea soli, misumari imejaa mdomoni.

"Karibu, mukwai," Kefa alisema kwa heshima za Ndola, akiitema misumari kiganjani. "Vya kuolea au vya kuzikia?"

"Vya kusimamia, mzee. Kutwa nzima."

"Umefanya vema kuja jioni. Mguu wa mtu wa kusimama huvimba mchana. Ukijaribu kiatu asubuhi, mguu wako mwenyewe unakudanganya." Alionyesha kwa kidevu. "Chagua hapo ukutani."

Efraimu alijifuta tope, akaingiza mguu haraka ili mzee asione vidonda. Viatu vya kwanza vilikuwa vyeusi, vyembamba mbele. Kefa aliinama akaminya ncha ya kimoja kwa dole gumba.

"Kinabana?"

"Hakibani."

Mzee aliinua uso. "Hiki? Karani aliyekiagiza alikirudisha analia."

Huenda fundi huyu alifahamiana na Watson. Mji mdogo, maneno hayana miguu lakini yanafika. "Kinabana kidogo," Efraimu alisema upesi, akakivua.

Vya pili vilikuwa buti za vita, zimetoka kwa askari aliyerudi kutoka Burma. Zilikuwa imara, lakini nzito. Angeanza kuburuta miguu kabla ya saa sita, na mwenye kuburuta miguu na mwenye kuchechemea kwa Watson ni wale wale. Akazirudisha.

"Ngoja," Kefa alisema. "Nina ngozi laini huko ndani. Kama hupati, nitakupima."

Mzee alipoingia ndani, macho ya Efraimu yaliangukia meza ya kazi. Kando ya nyundo palikuwa na viatu vya rangi ya kahawia, vipana mbele, ngozi yake laini kama sikio la ndama. Alivaa cha kushoto, kisha cha kulia. Akafunga kamba. Akasimama.

Alisimama kama anavyosimama mezani, uzito wote chini. Akahamia mguu huu, akahamia ule. Akatembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi, akapiga kishindo mara mbili kuvijaribu. Havikumbana wala kumkwaruza popote. Alimwona Watson mawazoni akipita nyuma yake, akatazama chini, akaendelea na safari yake. Hofu ya juma zima ikamshuka. Alitaka kulia kwa furaha. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akamtajia na jina la Enesi na la mtoto.

Kefa alitoka na kipande cha ngozi, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, umevitoa wapi hivyo?"

"Hapo mezani, mzee. Usihangaike tena, nimepata. Ni raha tupu. Ningeweza kusimama navyo mpaka kesho."

"Nilisema vya ukutani." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka. "Vya mezani huwa sijamaliza. Misumari ya soli bado imesimama humo ndani, sijakunja hata mmoja."

Efraimu alicheka, akaketi, akavua cha kulia ili amwonyeshe kwamba amekosea. Ndani, misumari minane ilikuwa imesimama wima, yote myekundu. Kefa alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Efraimu aliuinua mguu, akatazama damu ikidondoka barazani, akabaki hivyo hivyo, akiungoja uanze kuuma.