Fomu Namba Moja

Mkurugenzi alipogonga mara ya tatu, Bwana Fomu alitoka hadi koridoni, akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango wa lifti na kumweleza kwa heshima zote kwamba kampuni ya lifti imeshamtuma mtu wao, yuko njiani. Kutoka ndani, mahali fulani kati ya ghorofa ya tano na ya sita alikokwama, mkurugenzi alijibu kwa maneno ambayo ofisi ya haki za raia haiwezi kuyaandika popote.

Bwana Fomu akarudi mezani akiwa hana raha. Si kwa ajili ya mkurugenzi, maana huyo alikuwa na hewa, taa na gazeti. Tatizo ni kwamba mwaka wa kazi ulikuwa unakwisha siku hiyo saa kumi, na dawati lake la malalamiko ya ubaguzi halikuwa limepokea lalamiko hata moja. Barua kutoka juu haikuficha kitu: dawati lisilo na lalamiko litafungwa, na afisa wake atahamia stoo ya mafaili, kule chini kusiko na dirisha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye kiti kile. Fomu namba moja ilikuwa bado nyeupe pe mbele yake.

Ndipo akaingia mama mmoja mtu mzima, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, akihema. Alishusha mkoba wake na sakafu ikatoa kishindo. Bwana Fomu alichungulia nyuma yake kuona kama kuna mwingine anakuja. Hakuna. Basi akaelewa. Mtu wa umri ule hapandi ngazi za ghorofa sita na mzigo wa vielelezo kama hana lililomkaa rohoni.

Akamwamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, akaanza kusema kwamba ameitwa pale kwa ajili ya... lakini kabla hajamaliza alikuwa ameshavutiwa kiti na kuwekewa glasi ya maji mkononi.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuja kulalamika."

Bwana Fomu alitikisa kichwa kwa huruma. Hilo alifundishwa kwenye semina ya siku tatu: aliyebaguliwa kweli hukana kwanza, kwa aibu au kwa woga, na afisa asiyejua kazi humwacha aende zake. Yeye hakuwa wa kumwacha mtu. Alimweleza mama haki zake zote, moja baada ya nyingine, na kila mama alipofungua mdomo alimsihi asiogope. Huko koridoni kishindo kikasikika tena.

"Na huyo anayegonga?" mama aliuliza, akitaka kuinuka.

"Hayo yasikusumbue, mama. Ni mambo ya ofisi, yana wenyewe."

Mama alikaa. Alikunywa maji yote taratibu, akamtazama Bwana Fomu kama mtu anayepima nguo kwa macho, kisha akasema, "Haya. Andika."

Bwana Fomu nusura amkumbatie. Alipouliza kazi, mama alisema ni fundi, naye akaandika fundi cherehani kwa mwandiko mzuri. Alipofika kwenye sababu ya ubaguzi, alimuuliza aweke alama kwenye umri au kwenye jinsia.

"Wewe uliponiona umeona nini kwanza?"

"Nimeona mama mtu mzima."

"Basi weka zote mbili."

Tukio lilikuwa la lini? La leo, tangu saa nne. Bwana Fomu akafurahi moyoni, maana lalamiko la moto halina ubishi. Wapi? Katika ofisi ya serikali. Hapo alitupia jicho mlangoni, lakini kalamu haikusimama. Akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

"Naitwa kazini," mama alisema. "Nikifika, mtu anaangalia nyuma yangu, kama mwenye kazi anakuja nyuma. Nakalishwa. Nikisema, nakatizwa. Kazi niliyoitiwa iko palepale, inaharibika, na mimi napewa maji."

Bwana Fomu alikasirika kweli, hasira ya mtu aliyelelewa na mama yake peke yake. Aliuliza ni mtu wa namna gani huyo asiye na adabu hata kwa mkubwa wake. Mama alisema si mtu mbaya, ana huruma nyingi, ila masikio ndiyo hana. Bwana Fomu akasema huruma ya namna hiyo ni kiburi kilichovaa tai, na kwamba yeye atamfikisha mtu huyo mbele ya mkurugenzi mwenyewe, leo leo, kabla ya saa kumi. Akampa mama kalamu, mama akasaini. Akagonga muhuri kwa nguvu zake zote. Fomu iliyopigwa muhuri haifutwi wala haichanwi, na dawati lake lilikuwa limepona.

Kikabaki kisanduku kimoja tu.

"Jina la mlalamikiwa?"

Mama alivaa miwani, akainama, akasoma kibao kilichobandikwa kifuani mwa Bwana Fomu. Kisha akaivuta fomu kwake na kuandika jina zima bila kukosea hata herufi. Aliponyanyua mkoba, spana ziligongana ndani.

"Ulisema utamfikisha mbele ya mkurugenzi leo leo," alisema. "Haya, nionyeshe hiyo lifti iko wapi, nikakutolee mkurugenzi wako."