Pikipiki Iliyotoka Mabondeni

"Kiti kwanza," yule mwanamume alisema. "Osha kiti kabla ya kitu kingine chochote."

Habiba alivuta mpira wa maji, akaisogelea ile pikipiki ya magurudumu manne. Ilikuwa imeingia gerejini kwake ikikohoa na kutoa moshi mweupe, tope limeivika toka matairi hadi usukani. Maji yalipopiga kiti, tope lililotiririka chini halikuwa jeusi tupu. Lilikuwa na wekundu.

Hakuuliza. Alikuwa peke yake. Majirani zake wote wa pale nje kidogo ya Bungu walikwenda Kibiti kupokea ndugu waliohamishwa na mafuriko, na mtu huyu alikuwa na panga kiunoni.

"Umevuka maji marefu, kaka," alisema tu.

"Yalinifika hapa." Mwanamume aligusa mbavu zake.

"Unatokea upande gani?"

"Osha, dada. Nilikotoka achana nako. Nataka nirudi kabla maji hayajajaa."

Habiba aliosha. Alifungua boksi la chujio la hewa, akalikamua chujio kama mtu akamuavyo tambara. Alichomoa plagi, akaikausha. Alichokonoa tope lililoziba rejeta ya kupoozea injini. Mteja wake hakukaa chini hata mara moja. Kila gari lilipopita barabarani, alijibanza nyuma ya ukuta mpaka lipotee.

Simu ya yule mwanamume ikalia. Akaenda kuipokelea nyuma ya banda, lakini mabati hayafichi sauti.

"Wa kwanza nimeshamalizana naye," Habiba alimsikia akisema. "Bado yule mdogo... Aa, hawezi kwenda popote, maji yamemzunguka. Nyie ule mzigo utupeni mtoni wote. Asije mtu akaukuta."

Habiba alichuchumaa upesi nyuma ya pikipiki, ajifanye hana alilosikia. Ndipo alipoona, kwenye eksel, chuma kinachounganisha magurudumu, bonge la tope lililoviringana na kitu. Alilikata kwa kisu. Kilikuwa kipande cha kanga.

Alikisuuza. Rangi ya machungwa, pembeni maua meusi.

Doti ile aliinunua mama yao, akawagawia mabinti zake wawili kipande kimoja kimoja kabla hajafariki. Cha Habiba kilikuwa kiunoni mwake wakati ule ule. Cha pili alikuwa nacho mdogo wake, Fatu, mjane wa miezi michache aliyekuwa akiishi na binti yake Zawadi kwenye shamba la mpunga, huko deltani. Walipotangaziwa wahame, Fatu alikataa. "Kwa hali yangu hii, dada, mtumbwi nitaupandaje?" alisema. Tangu mto ufurike, simu yake haikupatikana tena.

"Umeona nini?"

Mwanamume alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kitambaa," Habiba alisema. "Kilijisokota kwenye eksel."

"Kitupe. Na hukukiona."

Habiba alikitupa kwenye pipa. Alijiegemeza kwenye pikipiki, akajilazimisha kusema maneno ambayo fundi yeyote angeyasema.

"Oili imeingia maji. Lazima niimwage niweke nyingine."

"Fanya upesi, tafadhali."

Akafungua nati ya chini. Oili ikamwagikia kwenye beseni, nyeupe-nyeupe kama chai ya maziwa. Alipokuwa akiitazama ikiisha, aliyasikia tena yale maneno. Bado yule mdogo. Alimwona Zawadi na mapengo yake ya mbele, mtoto aliyekuwa akimkimbia hata jogoo. Wa kumlinda kule alikuwa mama yake tu.

Kukataa kuitengeneza pikipiki kusingefaa kitu. Mtu yule angemalizana naye hapo hapo gerejini, halafu akatafuta njia nyingine ya kufika.

Alikaza nati. Kwenye rafu kulikuwa na makopo mapya ya oili na makopo matupu. Akachukua tupu. Akamgeuzia mteja mgongo, akaliinamisha lile kopo juu ya tundu la injini, akalishikilia hivyo kwa muda ambao oili ingechukua kujaa. Halikutoka hata tone. Akafunga kifuniko.

"Tayari."

Injini iliitika mara moja. Mwanamume akaruka juu ya kiti, na kwa mara ya kwanza akamtazama Habiba usoni.

"Mungu akulipe, dada."

Aliondoka kwa kasi, akaishika njia ya mabondeni, tope likiruka nyuma yake. Habiba alijua injini isiyo na oili hupata moto, ikakwama, na ikishakwama hakuna wa kuiamsha. Akapiga simu polisi. Aliwaambia kuna muuaji, na kwamba hatafika mbali.

Alikuwa bado ameshika simu ilipoita. Namba hakuijua.

"Dada Habiba? Ni mimi, Fatu."

Habiba alikaa chini palepale kwenye maji machafu.

"Nimeazima simu ya nesi," Fatu alikuwa akilia na kucheka. "Tuko kwenye gari la wagonjwa, tunaingia Kibiti. Nimejifungulia humu garini, dada, mtoto wa kiume! Damu ilikuwa ikinitoka tangu alfajiri, nikajua nakufa. Kaniokoa mwanamume mmoja anaitwa Mtoro, kanivusha maji kwa pikipiki yake hadi kwenye gari hili. Anakata mikoko ya magendo, kaniapisha nisimtaje kwa mtu, lakini wewe nakwambia."

"Fatu. Zawadi yuko wapi?"

"Pikipiki isingetubeba sote kwenye maji yale. Nimemwacha juu ya paa. Mtoro kasema anapita kwa fundi mara moja, kisha anarudi kumchukua kabla maji hayajajaa. Dada?"

Huko mabondeni, muungurumo wa pikipiki uliokuwa ukififia taratibu ulikatika ghafla.