Bakuli la Jemu

Kiongozi wa wageni alininyooshea bakuli tupu. "Mama, jemu imebaki?"

Mimi kazi yangu hapa ni chai tu, lakini masikio hayana pazia. Siku tatu nimewasikia wakiupitia upya mkataba wa zamani wa biashara. Unaruhusu mapera yetu kuingia nchini kwao bila ushuru, mradi yawe mabichi. Yakishapikwa, mlango unafungwa. Mkuu wa ujumbe wetu aliomba ufunguliwe, mgeni akakataa katakata. Jemu yetu, alisema, haitalika kwao.

Nikamtazama mkuu wetu. Yeye ndiye aliyeniambia kila asubuhi niimimine kwenye bakuli, chupa niziache jikoni. Akanikonyeza.

"Imebaki, baba. Ngoja nikuletee."

Safari hii nikaja na chupa yenyewe. Kwenye lebo kuna picha ya pera, na chini yake jina la kikundi cha wifi yangu: Wanawake Tusichoke.

Mgeni akaichukua chupa, akaisoma. Akaisoma tena. Masikio yakamwiva.

"Siku zote tatu?"

"Na leo peke yako umemaliza bakuli zima," nikamwambia. Uongo wa nini?

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akauvuta mkataba, akapekua kurasa, na dole gumba lake likaacha doa la jemu palepale kwenye neno "mabichi".

Akaliangalia doa. Akalamba dole.

"Nani ana kalamu?" akauliza, na mkono wa pili bado umeing'ang'ania chupa.